Bayogesi kutokana na mabaki ya mimea

Bayogesi ni hewa inayotokea mabaki ya mimea au samadi yanapooza mahali pasipo na oksijeni. Sehemu yake kubwa ni methani, kati ya asilimia 50 na 70.

Mabaki mabichi yakirundikwa yaoze yenyewe, methani hupaa angani, nayo huongeza joto la dunia zaidi ya mara 25 kuliko kiasi sawa cha kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka 100. Ndani ya mtambo, hewa hiyo hunaswa na kuchomwa jikoni au kwenye jenereta. Huko Naivasha, mtambo wa Gorge Farm ulianza mwaka wa 2015 kuzalisha zaidi ya megawati 2 za umeme kutokana na mabaki ya mboga za shambani.

Mboga huoza upesi. Mabua makavu ya mahindi, ambayo ndiyo aliyo nayo mkulima mdogo, ni kazi ngumu: yana kaboni nyingi na naitrojeni haba, hivyo sharti yakatwekatwe na kuchanganywa na samadi. Isitoshe, ndiyo lishe ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Wengi basi huyapitisha kwanza tumboni mwa mnyama, na mtambo ukapewa kinyesi.

Tope linalosalia ni mbolea nzuri. Hata hivyo, mtambo unaovuja waweza kufuta faida yote kwa mazingira, kwani hutoa methani ambayo mabua makavu yasingetoa shambani. Ndiyo sababu maungio ya mabomba hupakwa maji ya sabuni; povu likitokea, hewa inavuja.