Timu Inapohama Mji

Nilifika Winnipeg mwezi wa Agosti mwaka 1994, kwenda kusoma shahada ya pili. Winnipeg ni mji mkuu wa jimbo la Manitoba, katikati kabisa ya Kanada, kwenye nyanda tambarare ambako wakati wa baridi hewa hushuka hata nyuzi 30 chini ya sifuri. Nilipanga chumba katika nyumba ya mzee mmoja mjane, mstaafu wa reli. Kabla sijajua basi la kunifikisha chuoni, mzee yule alikuwa amekwisha kunieleza habari za Jets kwa muda wa saa nzima.

Jets ilikuwa timu ya mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Wachezaji sita kila upande, wamevaa viatu vyenye vyuma kama visu, wanateleza kwa kasi ya ajabu wakipigania kisahani cheusi cha mpira mgumu. Mimi mtu wa Tanga, niliyekuwa nikiiona barafu kwenye glasi tu, niliuona mchezo huo kama wendawazimu. Lakini mji ule wa watu laki sita na kitu uliishi kwa mchezo huo. Mwaka 1972, timu ilipoanzishwa, ilimtwaa mshambuliaji mashuhuri Bobby Hull kutoka Chicago kwa malipo ya awali ya dola milioni moja, na hundi kubwa kama mlango ikaonyeshwa hadharani kwenye njia panda kuu ya mji. Mzee wangu alikuwapo. Alinionyesha kwa mikono ukubwa wa hundi ile, na kila alipohadithia mikono ilizidi kutanuka.

Msimu wangu wa kwanza ulichelewa mpaka Januari 1995, maana wenye timu za ligi kuu, ile NHL, waliwafungia wachezaji milango. Walitaka mishahara iwekewe kikomo; wachezaji wakakataa. Michezo iliporudi, kikomo hakikupatikana. Usiku mmoja mezani mzee akachukua bahasha ya bili ya umeme, akaigeuza, akanifanyia hesabu kwa kalamu ya risasi.

Wachezaji, alisema, hulipwa kwa dola ya Kimarekani. Watazamaji wa Winnipeg hununua tiketi kwa dola ya Kikanada. Mwaka 1991 dola ya Kanada ilikuwa na thamani ya senti 87 hivi za Kimarekani. Kufika 1995 ilikuwa senti 73. Kwa hiyo mchezaji wa milioni moja, aliyekuwa akiigharimu timu kama milioni 1.15 za nyumbani, sasa anaigharimu karibu milioni 1.37, bila ya yeye kuongezwa hata senti. Mzee aliniuliza kama nimefahamu. Nilicheka. Nimetoka nchi ambayo mwaka 1985 dola moja ilikuwa shilingi 17 hivi, na siku naondoka ilikuwa imevuka 500. Hayo ya fedha kuyeyuka mkononi hakuna wa kunifundisha.

Basi kwa muda mrefu niliamini kuwa sababu ni hiyo moja. Baadaye nikaanza kuona kasoro katika hesabu ya bahasha. Minnesota iko Marekani, hutumia dola ileile ya wachezaji, na watoto wa huko huteleza kwenye maziwa yaliyoganda tangu wakiwa wadogo. Walakini mwaka 1993 timu yao ilihamishiwa Dallas, kwenye joto la Texas. Hartford, mji mwingine wa Marekani, ilipoteza yake mwaka 1997. Dola ya Kanada ilikuwa imewakosea nini hao?

Ukitaka kuelewa, msomaji, tazama jengo. Timu za siku zile hazikupata fedha zao kwa tiketi za kawaida peke yake. Faida nono ilitoka kwenye vile vyumba maalumu vya juu, vyenye viti vya ngozi na vinywaji, ambavyo makampuni hukodi kwa mwaka mzima. Ikatoka kwenye maegesho ya magari, kwenye bia, kwenye matangazo ya kutani. Uwanja wa Winnipeg ulijengwa mwaka 1955. Vyumba hivyo ulikuwa na vichache, nao ulikuwa na picha kubwa mno ya Malkia Elizabeth ikining'inia upande mmoja, akiwatazama wachezaji kwa subira. Jengo jipya lilihitajika, na swali likawa lile lile la kila mji: nani alipe? Mwenye timu husema, nijengeeni au naondoka. Na daima upo mji mwingine, mahali fulani, wenye uwanja mpya na hamu ya kuonekana mji mkubwa. Si lazima mwenye timu ahame kweli. Yatosha kwamba anaweza.

Juu ya hayo ilikuwako tamaa ya ligi yenyewe. Ilitaka fedha za televisheni za Marekani nzima, na televisheni hainunui mchezo unaopendwa kaskazini tu. Kwa hiyo ramani ikavutwa kusini: Dallas, Florida, California, na hatimaye Arizona. Katika ramani hiyo Winnipeg ilikuwa nukta ndogo, mbali, yenye baridi.

Hapo ndipo penye tofauti na mpira wa kwetu niliokulia. Yanga na Simba za wakati huo zilikuwa klabu za wanachama. Waweza kugombana, kupinduana, kupelekana mahakamani, lakini hakuna aliyeweza kuamka asubuhi akaiuza Yanga kwa mtu wa Nairobi. (Siku hizi nasi tunajifunza. Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, imehamia Singida, na mwaka 2024 ikabadilishwa hata jina.) Huko Amerika timu ni kibali cha biashara ndani ya ligi. Kibali kina mwenyewe, naye akipata ridhaa ya wenye timu wenzake, hukihamisha kama mtu anavyohamisha duka. Shabiki ana mapenzi, hana karatasi.

Mwezi wa Mei 1995 watu wa Winnipeg walijaribu kununua hiyo karatasi. Serikali ya jimbo na ya mji zilikuwa tayari zinafidia hasara ya timu kwa makubaliano ya mwaka 1991. Sasa wananchi wenyewe wakaanza kuchanga. Watoto walivunja vibubu vyao. Kwenye uwanja wa wazi uitwao The Forks, mahali mito miwili inapokutana, walikusanyika maelfu kwa maelfu. Nilikwenda na mzee. Sijawahi kuona wazungu wengi namna ile wakilia hadharani, na ukweli ni kwamba nilijisikia vibaya kuwatazama, kama mtu aliyeingia msibani bila ya kumjua marehemu. Nikatoa dola 20 za posho yangu. Mzee alitoa alichokuwa ameweka kwa ajili ya kuezeka upya paa la nyumba. Hakuniambia ni kiasi gani. Nilikuja kujua majira ya mvua, tulipokuwa tunapanga ndoo.

Zilikusanywa dola milioni kumi na zaidi kwa michango ya watu wa kawaida. Hazikutosha. Baadaye mwaka huo timu ikauzwa kwa wafanyabiashara wawili wa Marekani, Richard Burke na Steven Gluckstern. Walikusudia kuipeleka Minneapolis, mapatano ya uwanja yakashindikana, wakaipeleka Phoenix, Arizona, jangwani. Mwezi huohuo wa Mei 1995 mji wa Quebec nao ulikuwa umepoteza timu yake, iliyokwenda Denver; na mwaka uliofuata, katika msimu wake wa kwanza tu huko, timu hiyo ikatwaa kombe kuu, Stanley Cup. Sina la kuwaambia watu wa Quebec juu ya hilo.

Mchezo wa mwisho wa Jets ulikuwa Aprili 28, 1996, dhidi ya Detroit. Watazamaji walivaa nyeupe, kama desturi yao ya michezo ya mtoano tangu 1987. Mzee hakutaka kwenda. Tuliutazama kwenye televisheni ya jikoni, naye amevaa shati lake jeupe. Walifungwa 4 kwa 1. Watu hawakuondoka, walisimama wakipiga makofi muda mrefu sana. Mzee alizima televisheni makofi yakiwa bado yanaendelea, akaosha vikombe viwili, akaenda kulala.

Je, waliohama walifaidika? Hili ndilo linalonishangaza hadi leo. Uwanja wa Phoenix ulikuwa umejengwa kwa mpira wa kikapu, na ulipowekwa barafu, kukawa na viti ambavyo aliyekaa hawezi kuliona goli la upande mmoja. Mwaka 2003 wakahamia Glendale, pembezoni mwa jiji. Mwaka 2009 timu ikatangaza kufilisika, ligi ikalazimika kuichukua, na halmashauri ya Glendale ikakubali kulipa dola milioni 25 kwa mwaka ili isiondoke. Mwaka 2022 waliondoka hapo, wakawa wanacheza katika uwanja wa chuo kikuu wenye viti visivyofika 5,000. Mwaka 2023 wapiga kura wa Tempe wakakataa mpango wa kuwajengea uwanja. Mwaka 2024 wachezaji wote wakahamishiwa Salt Lake City.

Na Winnipeg? Ilijenga uwanja mpya ukafunguliwa mwaka 2004. Mwaka 2005, baada ya msimu mzima kupotea kwa mgogoro, ligi ikaweka kikomo cha mishahara, kilekile kilichoshindikana miaka kumi nyuma. Dola ya Kanada ikapanda, na mwaka 2011 ikaipita ya Marekani. Mwezi wa Mei mwaka huo kampuni ya Winnipeg ikainunua timu ya Thrashers kutoka Atlanta na kuirudishia jina la Jets. Tiketi za msimu zilizouzwa kwa umma zilikwisha kwa dakika 17. Mzee wangu alikuwa amekwisha kufariki. Binti yake aliniandikia kwamba mji mzima uko barabarani unapiga honi.

Nilifurahi, nakiri. Furaha hiyo ilidumu siku mbili, mpaka aliponipigia simu mpwa wangu anayeishi Atlanta. Mwanawe alikuwa na miaka tisa, mtoto wa Kitanzania aliyeupenda mchezo ule kwa sababu asizozijua baba yake, na ukutani mwa chumba chake palikuwa na jezi ya Thrashers. Atlanta ilikuwa inapoteza timu kwa mara ya pili. Ile ya kwanza ilikwenda Calgary, Kanada vilevile, mwaka 1980. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, huyu mtoto hali chakula. Wewe uliwahi kukaa huko, hebu zungumza naye."

Mtoto akaja kwenye simu. Akaniuliza, "Babu, hao watu wa Winnipeg, kwa nini wametuchukulia timu yetu?"

Nilianza kumweleza habari za dola na viwanja, nikajisikia nafanya hesabu ya bahasha. Nikamweleza badala yake habari za mzee na paa. Alisikiliza kimya. Kisha akauliza kama mvua ilivuja chumbani kwangu pia, nikamwambia ndiyo, upande wa kitanda.