Kimambo na Milima ya Upare

Mwanahistoria anayeng'ang'ania eneo moja miaka nenda rudi hudhaniwa kuwa mtu wa mambo madogo. Isaria Kimambo, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliipinga dhana hiyo kwa kazi zake kuhusu Upare, nchi ya milima kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Mwaka 1969 alihariri historia ya Tanzania nzima pamoja na Arnold Temu, na mwaka huohuo akachapisha historia ya kisiasa ya Wapare, iliyojengwa juu ya masimulizi ya wazee. Humo inaonekana Ugweno ya kale, kaskazini mwa Upare: Washana, wafua chuma, ndio waliotawala mpaka Wasuya walipowapindua, na watawala wapya wakatumia jando kuwafunga vijana wa koo mbalimbali kwenye utii mmoja. Utasema masimulizi ya namna hiyo humpendeza aliyeshinda, na miaka inayokadiriwa kwa kuhesabu vizazi haiaminiki sana. Ni kweli, miaka ile ichukuliwe kwa tahadhari. Lakini ukoo ulioshindwa nao una lake la kusimulia, na mtafiti anayezipitia koo zote hubaini zinapopishana. Kwenye majalada ya Wajerumani na Waingereza asingeyapata hayo.

Pingamizi zito zaidi lilitoka palepale Dar es Salaam, kwa wasomi wa mrengo wa Kimarx: hii ni historia ya watawala, mkulima yuko wapi? Hapo walikuwa na haki. Kimambo hakuhama Upare kwa sababu hiyo, alibadili swali. Mwaka 1971 alitoa kijitabu kuhusu mbiru, kodi iliyopimwa kwa mali ya kila mtu, na mwaka 1991 kitabu kuhusu uchumi wa dunia ulivyoingia Upare kati ya 1860 na 1960. Mbiru ndiyo iliyozua mgogoro: mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka milimani hadi mji wa Same, wakapiga kambi kuikataa. Hawakukataa kulipa kodi yoyote ile. Walichokataa ni mtu kuja kuhesabu ng'ombe na migomba yao. Baadaye wanawake nao wakaingia, na hatimaye kodi ikafutwa. Watemi wa Upare ndio walioisimamia kodi hiyo pamoja na serikali ya kikoloni. Anayeijua mbiru peke yake atawaona kama vibaraka tu; aliyesoma kwanza jinsi utemi ulivyojengwa Ugweno ataelewa ni heshima ya namna gani waliyoipoteza pale Same, na kwa nini watu wao walikasirika kiasi kile.