Lajward

Shika kipande cha lajward karibu na dirisha. Buluu yake ni nzito kama ya bahari kuu, na chembe za manjano zinametameta ndani yake. Kwa maelfu ya miaka jiwe hili limechimbwa Sar-i Sang, bonde la mto Kokcha, mkoani Badakhshan, kaskazini mashariki mwa Afghanistan. Wamisri wa kale walilipachika kwenye barakoa ya dhahabu ya Tutankhamun.

Jina lake ni la Kiajemi, lugha ambayo Kabul huitwa Dari. Waarabu wakatamka lazaward. Lilipofika Ulaya ya kusini, ile "l" ya mwanzo ilidhaniwa ni kitangulizi cha nomino, ikakatwa. Ndipo Wahispania na Wareno wakapata azul, Wataliano azzurro, Wafaransa azur. Mreno akisifu rangi ya mbingu, anataja jiwe la Badakhshan. Inaniuma kwamba Afghanistan yenyewe siku hizi husikika kwa vita tu.

Nasi wasemaji wa Kiswahili tumo katika safari hii ya maneno ya Kiajemi. "Rangi" yetu asili yake ni rang ya Kiajemi, na muuza vitambaa wa Kabul angali anaisema hivyo hadi leo.