Daftari la Bwana Speke

Wasikilizaji wetu wa Nkoma na Usukuma yote wamekwisha kusikia ya kuwa Bwana John Hanning Speke aliiona Nyanza tarehe 3 Agosti 1858, akaipa jina la malkia wake. Leo twalifungua daftari lake la safari kwa sababu nyingine. Habari zake, zilizopigwa chapa miaka ya 1863 na 1864, zaeleza ziwa. Lakini zaeleza vilevile, bila yeye kukusudia, maisha ya mabwana wenye ardhi wa Uingereza.

Speke alizaliwa mwaka 1827, na nyumba ya jamaa zake ilikuwa Jordans, katika Somerset. Kwa desturi ya mabwana hao zamani zile, ardhi ilimwendea mtoto wa kiume wa kwanza, na wadogo walitafuta riziki katika jeshi au kanisa. Yeye hakuwa wa kwanza. Basi mwaka 1844 akaingia jeshi la Bara Hindi, na likizo zake akazitumia kuwinda milimani. Alipotoka Tabora kwenda Mwanza, akimwacha mwenzake Richard Burton mgonjwa, alipita magharibi ya kwetu, akitazama ardhi na ng'ombe wa babu zetu kwa jicho la mwenye shamba. Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wake, twamsoma kwa jina; wapagazi wengi hawana jina humo.

Lakini penye utamu hasa ni Buganda, Februari 1862. Alipofika kwa Kabaka Mutesa aliambiwa aketi chini juani na kungoja, kama wafanyavyo wafanya biashara. Akaona ya kuwa akikubali, cheo chake kitashuka. Akangoja dakika tano, kisha akaondoka kwa hasira. Watumishi wakamfuata mbio. Akarudi, akaketi juu ya kiti chake cha chuma, akafungua mwavuli, na yeye na Kabaka wakatazamana kwa muda wa saa nzima. Mwenyewe ayaandika hayo kama ushindi. Sisi twamwona bwana wa Somerset aliyefika mlangoni pa jirani mkubwa kuliko yeye, naye hataki ijulikane.

Tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya kujadiliana na Burton mjini Bath juu ya chanzo cha Nile, alikwenda kuwinda kwale katika shamba la jamaa yake, Neston Park. Alipokuwa akivuka ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake ikalia, ikampiga. Alikuwa na umri wa miaka 37.