Savannah: Mji Unaouza Mizuka na Kusahau Mizimu

Jioni ikiingia Savannah, jimboni Georgia, kusini mwa Marekani, magari makuukuu ya kubebea maiti huanza kuzunguka mitaani. Yamekatwa mapaa na kufungwa viti, na waliokaa ndani ni watalii waliolipa ili watishwe. Dereva huenda polepole chini ya mialoni inayoning'iniwa na mimea kama ndevu za kijivu, huku akisimulia: katika nyumba hii alijinyonga bibi fulani, katika mkahawa ule maharamia walikuwa wakiwalewesha vijana na kuwapitisha chini ya ardhi hadi melini. Wenyeji wana msemo kwamba mji wao umejengwa juu ya wafu wake, na msemo huo hautii chumvi.

James Oglethorpe aliuanzisha mji huu Februari 1733, akaupanga kwa viwanja vya wazi, kila kimoja kikizungukwa na nyumba. Viwanja hivyo vilifika 24, na leo vimebaki 22. Mwanzoni utumwa ulikatazwa katika koloni hili. Katazo lilipoondolewa mwaka 1751, mpunga wa mabondeni, na baadaye pamba, vikalimwa kwa mikono ya Waafrika. Wakubwa wa mji walizikwa Colonial Park, makaburi yaliyotumika kuanzia mwaka 1750 hadi 1853. Humo pia kuna bango linalowakumbuka watu karibu 700 waliokufa kwa homa ya manjano mwaka 1820. Homa hiyo ilirudi mwaka 1854, ikarudi tena 1876, na kila mara ikaondoka na roho zipatazo 1,000.

Lakini watalii hawapigi picha nyingi kwenye bango hilo. Wanakimbilia nyumba namba 432, mtaa wa Abercorn. Wanaambiwa kwamba humo baba alimfunga bintiye kwenye kiti dirishani mpaka akafa, na kwamba usiku uso wa mtoto huyo huonekana kiooni. Hakuna kumbukumbu inayothibitisha kisa hicho. Kinachojulikana ni kwamba nyumba hiyo inatazamana na uwanja mmoja wa mji, na katika eneo la uwanja huo na ule jirani wa Whitefield ndiko walikozikwa Waafrika, watumwa na walio huru, kabla mji haujapanuka ukayafunika makaburi yao. Mtalii anainua simu yake kumtafuta mtoto wa hadithi, na chini ya viatu vyake wamelala watu wa kweli.

Katika Kiswahili, mzuka na mzimu si kitu kimoja. Mzuka humtokea mtu gizani, ukamshtua, ukapotea zake. Mzimu una ukoo na una mahali pake. Ukiachwa bila kutajwa, unadai. Kwa kipimo hicho, Savannah imefanya biashara kubwa ya mizuka, na mizimu yake imekaa na kiu muda mrefu.

Mizimu hiyo ina majina. Tarehe 2 na 3 Machi 1859, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ten Broeck, nje kidogo ya mji, Pierce Mease Butler aliwapeleka mnadani watu 436 wa mashamba yake ya mpunga na pamba ili alipe madeni, yakiwemo ya kamari. Kabla ya mnada waliwekwa kwenye mabanda ya farasi. Wanunuzi wakapita wakiwafunua midomo kukagua meno, wakiwaamuru watembee, wainame, wanyooshe mikono. Mvua ilinyesha siku zote mbili.

Haya tunayajua kwa sababu mwandishi wa gazeti la New York Tribune, Mortimer Thomson, alijipenyeza akijifanya mnunuzi. Alimwona Daphney, mke wa Primus fundi seremala, akipanda jukwaani amejitanda shali na kitoto chake kichanga. Wanunuzi wakalalamika: mbona huyu amefunikwa? Ikabidi dalali aeleze kwamba mwanamke amejifungua hivi karibuni tu. Alimwona pia kijana Jeffrey, namba 319 katika orodha, akimsihi bwana wake mpya amnunue na Dorcas, namba 278, mchumba wake. Bwana alikuwa radhi, mpaka alipoambiwa kwamba Dorcas anauzwa pamoja na watu wengine wa familia, wanne kwa mpigo. Akajitoa. Jeffrey akabaki anatazama mpenzi wake akichukuliwa na mwingine.

Mnada ulileta dola 303,850. Butler akampa kila aliyeuzwa dola moja, kwa sarafu mpya za senti 25. Wazao wao wanaziita siku hizo Wakati wa Kilio.

Miezi michache kabla ya hapo, Novemba 1858, meli iitwayo Wanderer ilishusha kwa siri Waafrika wapatao 400 kisiwani Jekyll, kusini mwa Savannah. Walitoka upande wa mto Kongo, nusu karne baada ya sheria ya Marekani kupiga marufuku kuingiza watumwa. Washtakiwa walipelekwa mahakamani hapo Savannah, na hakuna aliyetiwa hatiani kwa biashara hiyo.

Watu wa Kongo walikuwa wamefika pwani hiyo tangu zamani, na walikuja na elimu yao kuhusu wafu. Kwao, maji ndiyo mpaka kati ya walio hai na walio kuzimu. Wazao wa Waafrika wa pwani hiyo, wanaojulikana kama Wagullah na Wageechee, waliamini kwamba roho mbaya haivuki maji. Hivyo walichanganya chokaa, maziwa na nili, wakapaka rangi ya samawati kwenye fremu za milango na dari za baraza, ili roho ikija idhani imefika ukingoni. Katika nyumba ya Owens-Thomas hapo Savannah, upande wa makazi ya watumwa, rangi hiyo bado iko darini. Ukiitazama unakumbuka kwamba nili yenyewe ililimwa na watumwa katika mashamba ya eneo hilo.

Kuna pia kanisa la First African Baptist. Jengo lake lilikamilika mwaka uleule wa mnada, 1859, kwa kazi ya waumini wenyewe, wengi wao watumwa waliojenga usiku baada ya kazi za mabwana. Sakafu ya chini ina vitundu vilivyotobolewa kwa umbo la msalaba ndani ya almasi, alama ya Kikongo ya mzunguko wa uhai na kifo. Waumini wanasimulia kwamba vitundu hivyo viliwapa pumzi watoro waliojificha chini ya mbao.

Mnada ule ulipata bango la ukumbusho mwaka 2008, karibu miaka 150 baadaye. Uwanja unaotazamana na nyumba ya Abercorn ulibeba kwa muda mrefu jina la John C. Calhoun, mtetezi mkubwa wa utumwa. Mwaka 2023 baraza la mji liliupa jina la Susie King Taylor, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1848, akajifunza kusoma kwa siri hapo Savannah, kisha akawa mwalimu wa watu waliokombolewa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Msomaji, ukijaliwa kufika huko usiku na wenzako wakakuita utazame dirishani, tazama chini kwanza. Kisha toa salamu, kama tunavyowatolea wafu wetu tunapopita makaburini.