Tundu katika Tumbo la Meli

Mtu aendaye Unguja akatamani kuona meli iliyozama hana taabu kubwa: humlipa mwenye mashua, huvikwa mtungi wa hewa mgongoni, akapelekwa kwenye mwamba wa Fungu, kaskazini ya Mji Mkongwe, ambako Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya za simu chini ya bahari, imelala tangu siku ya mwisho ya mwaka 1902 katika maji ya vuguvugu ya mita 12 hivi, samaki wakiingia na kutoka mbavuni mwake kama wenye nyumba. Hayo ni matembezi. Sisi wa Mwanza nasi tuna meli yetu iliyozama, na kina chake, yapata mita 25, si cha kumshinda mpiga mbizi. Lakini sijapata kumsikia mtu aliyetaka kwenda kuitazama kwa anasa, wala sidhani kama angempata wa kumpeleka.

MV Bukoba, ilipong'oa nanga Bukoba tarehe 20 Mei 1996 na kupitia Kemondo kuongeza abiria, ilikuwa na idhini ya kuchukua watu 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilifika 443, na daraja la tatu, waliko wanyonge na mikungu yao ya ndizi, halikuwa na orodha kabisa. Asubuhi ya pili, abiria wakiwa wamekwisha kuanza kufikiria kushuka Mwanza, ikapinduka.

Meli iliyopinduka si lazima izame papo hapo, na sababu yake anaijua kila mtoto aliyewahi kukididimiza kikombe kifudifudi katika ndoo ya maji: hewa iliyomo haina pa kutokea, nayo ndiyo ibebayo chuma, na ndiyo ibebayo uhai wa aliyenaswa ndani. Mkuku wa MV Bukoba ukabaki juu ya maji, na chini yake wamo watu waliokuwa wakigonga. Waokozi, kwa nia safi isiyokuwa na ilimu ya jambo lile, wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa ikapata njia, maji yakashika mahali pake, na meli ikashuka chini pamoja na waliokuwa wakigonga. Mimi siwezi kuwashutumu wale mafundi, maana asikiaye binadamu mwenziwe akigonga chini ya nyayo zake hana subira ya kupiga hesabu. Hata hivyo kosa lilikuwa kosa.

Baada ya hapo kazi ikawa ya wapiga mbizi, nao walitoka mbali, Afrika Kusini. Ziwa letu lina hila zake: maji yake si maangavu kama ya Unguja, na tena liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, hali majedwali ya kawaida ya wapiga mbizi yamepigiwa hesabu ya pwani. Kwa hiyo apandaye kutoka mita 25 hapa yampasa apande kwa hadhari ya mtu aliyetoka kina kirefu zaidi, ama sivyo naitrojeni iliyoyeyuka damuni mwake hutoka povu, kama soda iliyofunguliwa kwa pupa, ikamlemaza au ikamwua. Na walichokifuata huko chini hakikuwa samaki wa rangi, bali maiti. Waliofariki walizidi 800. Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo, na wengi wa waliopatikana wakazikwa Igoma, ambako jamaa zao hukusanyika kila tarehe 21 Mei.

Ikapita miaka 22. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichojengewa watu 100 tu, kilipinduka karibu kabisa na gati ya Bwisya, kisiwani Ukara, mkuku ukabaki juu vilevile, na watu zaidi ya 220 wakafa. Safari hii wapiga mbizi waliingia kwa chini, na siku mbili baadaye, palipokuwa pamebaki hewa, wakamkuta fundi mmoja wa mitambo, wakamtoa akiwa hai.