Msitu Uliokuwa Shule

Karibu na Githurai, upande wa Ruiru, uko mtaa uitwao Mwihoko, jina ambalo kwa Kigikuyu lina maana ya tumaini. Leo ni mahali pa nyumba za mawe na maduka, wala mtoto akuaye hapo hana haja ya kujua kutega mnyama. Lakini ng'ambo ya barabara kuu ya Thika lipo gereza la Kamiti, ambamo Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Mtu huyo aliishi msituni kwa zaidi ya miaka mitatu, huku akisakwa na jeshi lenye ndege za kivita. Je, yeye na wenzake waliwezaje kuishi huko muda wote huo?

Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Maelfu ya watu wakaingia katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kupigania ardhi na uhuru. Wachache walikuwa na ujuzi wa vita vya msituni. Waruhiu Itote, kwa mfano, alikuwa amepigana Burma katika Vita Kuu ya Pili. Wengi walikuwa watoto wa wakulima, na Karari Njama alikuwa mwalimu wa shule. Hapo mwanzo msitu uliwapa maficho tu. Chakula, nguo na dawa vilitoka vijijini, na mara nyingi wanawake ndio waliovibeba usiku.

Mwaka 1954 mlango huo ulianza kufungwa. Watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu, wakatiwa katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki na kulindwa na askari. Tangu hapo aliyebaki msituni alikuwa hana budi kulishwa na msitu wenyewe. Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu wa watu hawa ulikuwa miti, mianzi na wanyama.

Somo la kwanza lilikuwa gumu, kwa kuwa lilipingana na mila. Wagikuyu kwa kawaida hawakula nyama ya mwitu. Waliwaachia Waathi, yaani wawindaji waliokaa katika misitu hiyo tangu zamani. Sasa mtoto wa mkulima alijifunza kumtega pongo, kurina asali, na kuchuma thabai, majani ambayo huwasha yakiguswa lakini huliwa yakipikwa. Ngozi zilishonwa kuwa makoti na kofia za kuzuia baridi kali ya mlimani. Bunduki zilitengenezwa kwa vipande vya bomba la maji, makomeo ya milango na mipira ya magurudumu.

Somo la pili lilikuwa la kusoma dalili. Mlio wa ndege aliyeshtuka uliwaambia kwamba mtu anakuja. Harufu ya sabuni au sigara iliwajulisha kuwa askari yu karibu. Wao wenyewe walikwenda kwa ncha za vidole, au kinyumenyume, ili nyayo zao zimpoteze anayewafuata.

Hata hivyo elimu hiyo hiyo ndiyo iliyogeuzwa kuwa silaha dhidi yao. Serikali iliwatumia wapiganaji waliotekwa, ambao walijua dalili zile zile na maficho yale yale, kuwatafuta wenzao wa jana. Tarehe 21 Oktoba 1956, Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu, karibu na Nyeri, akiwa amevaa koti la ngozi ya chui.

Mara nyingi tunapowataja mashujaa hao twakumbuka ujasiri wao peke yake. Lakini ujasiri haumlishi mwenye njaa. Kilichowalisha ni maarifa ya Waathi na ya wazee, ambayo wengi walikuwa wameanza kuyadharau kuwa ni mambo ya kale. Basi, msomaji, umwonapo bibi yako akiutaja mti kwa jina lake na kazi yake, keti umsikilize. Hujui ni siku gani utauhitaji ujuzi huo, wala ni nani mwingine atakayekufundisha.